Jani la Kijani: Mtambo Nyuma ya Mlango wa Buluu

Wiki jana nafasi ya gazeti iliisha palepale ufunguo ulipoingia kwenye tundu, tukabaki tumening'inia mlangoni kama nguo mbichi. Haya, na tushuke.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Kasuku, yule msichana anayewatembeza wageni hotelini na kuwasomea sifa za mazingira kwa sauti ya redio. Nyuma yake alisimama Bi Mkaguzi, mwanamke mpana aliyevaa viatu vya mvua, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuamua kama hoteli inastahili kibao cha Jani la Kijani. Nyuma ya Bi Mkaguzi alisimama Meneja, ndani ya suti nyeupe, akitokwa na jasho la mtu aliyekaa jikoni. Na juu ya mlango wa buluu paliandikwa kwa herufi kubwa: CHUMBA CHA KUSAFISHIA MAJI.

Kasuku alijua kilichomo. Viti vya harusi. Viti vya plastiki vilivyopandana hadi darini, na mapazia, na meza ya keki yenye mguu mbovu. Mtambo wa kusafisha maji haukuwahi kukanyaga humo. Maji yote ya dobi, pamoja na povu lake na dawa yake ya kung'arisha mashuka, yaliteremka kwa bomba hadi kijito cha bondeni. Na bondeni ndiko kulikokuwa na kitalu cha miche cha mama yake, ambacho nusu yake ilikuwa imeshaungua kama iliyopitishiwa pasi.

Hoteli ikishapata kibao, haikaguliwi tena mpaka miche mingine ikue iwe miti. Mama hakuwa na miche ya kusubiri.

"Ufunguo huo ulipotea tangu juzi," Meneja alisema. "Huenda hata si wenyewe."

"Ni wenyewe, Meneja. Ulikuwa umepotelea kwenye koti lako."

Akauzungusha. Mlango ukafunguka.

Ndani hamkuwa na kiti hata kimoja.

Mlikuwa na mtambo.

Ulikuwa mkubwa, wa kijani kibichi, na unanguruma kama simba aliyeshiba. Mapipa makubwa ya chuma yamesimama bega kwa bega, mabomba yanaingia huku na kutokea kule, na taa ndogo nyekundu inakonyeza. Kando yake amesimama Dobi Mkuu, mikono nyuma, kifua mbele, na rangi ya kijani sikioni.

Kasuku alibaki mdomo wazi. Kasuku halisi angalau angepata la kusema.

"Nilitaka kuwashtukiza," Meneja alisema, na rangi ya uso ikaanza kumrudia. "Mambo mazuri hayatangazwi."

"Unasafisha maji ya wapi?" Bi Mkaguzi aliuliza.

"Ya dobi. Yote, mpaka tone la mwisho."

Kasuku akainama. Aligundua kwamba mtambo ulikuwa umeelekezwa ukutani, kama mtoto aliyepewa adhabu. Akachungulia kwenye upenyo wa nyuma. Akaona dirisha la kioo, la duara. Nyuma ya kioo, taulo zilikuwa zinazunguka.

Ndugu msomaji, zilikuwa mashine za kufulia. Zile kuukuu, zilizostaafishwa mwaka jana kwa kelele. Zimepakwa rangi, zimegeuzwa mgongo na kupewa cheo kipya.

Na zile taulo hazikuwamo kwa bahati mbaya. Mtu yeyote wa dobi anajua kwamba mashine ikizunguka tupu huruka, hutembea, na usipoangalia utaikuta mlangoni inaomba ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo Dobi Mkuu aliitia mzigo wa kuituliza. Na kwa kuwa mkono wa dobi hauwezi kuona taulo ikizunguka bila sabuni, aliitia na sabuni.

"Bi Mkaguzi," Kasuku alisema, "tafadhali pita huku nyuma ujionee."

Bi Mkaguzi akautazama upenyo, kisha akajitazama mwenyewe. "Mwanangu, huo upenyo na mimi hatukuumbwa kukutana."

"Basi nikuambie. Hizi ni mashine za kufulia. Kuna taulo ndani."

"Vichujio," Dobi Mkuu alidakia. "Vichujio vya kitambaa. Pamba tupu."

"Vichujio vyenye jina la hoteli na alama ya lipstiki?"

"Ni vichujio vyetu wenyewe. Kwani wewe nguo zako huziandiki jina?"

Meneja akacheka kile kicheko cha mapokezi, kinachoanzia kwenye meno na kuishia hapohapo. Bi Mkaguzi hakucheka. Alifungua kalamu, akashusha pumzi ndefu.

"Sikiliza, binti. Fomu yangu inauliza mtambo upo au haupo. Haiulizi unafanya nini. Nimewaambia wakubwa mara nyingi waongeze swali, wakasema karatasi itakuwa ndefu. Mimi hapa naona kitu. Kina mabomba, kinanguruma. Nikiandika haupo, nitaambiwa nikapimwe macho."

Akaandika: Upo.

Ndivyo haki ilivyozikwa mchana kweupe, bila hata maua.

Kibao kilipangwa kukabidhiwa bustanini baada ya chakula. Meneja alisubiri Bi Mkaguzi apotelee kwenye kona, ndipo akamshika Kasuku kiwiko na kumwingiza kwenye chumba cha mashuka.

Hapa inafaa tukumbushane kitu. Kazini Kasuku humwita Meneja. Nyumbani humwita Mjomba, kwa sababu ndiye mdogo wake mama, tumbo moja, aliyebebwa mgongoni na dada yake mpaka miguu ikagusa ardhi. Sheria ya Meneja ni kwamba majina hayo yasikutane.

"Unataka kuniua?" aliuliza.

"Hapana, Mjomba."

"Hapa ni Meneja."

"Hapana, Meneja. Nataka uhamishe bomba."

"Kuhamisha bomba ni kujenga mtambo wa kweli. Mtambo wa kweli ni mwenye hoteli kuuza gari lake, na mwenye hoteli analipenda gari kuliko mkewe." Akarekebisha tai. "Kila hoteli hapa mjini ina jani ukutani. Unadhani yale majani yameota yenyewe? Mgeni hataki maji safi, binti. Anataka kuambiwa ni safi, alale. Nilikuajiri umwambie. Una sauti nzuri."

"Na miche ya mama?"

"Nitamnunulia mingine."

"Ataipandia wapi? Udongo wenyewe unatoa povu ukiubonyeza."

Meneja akasema polepole, "Miche ile ndiyo iliyonisomesha mimi chuo cha hoteli. Usidhani nimesahau. Lakini nikikosa jani leo, wageni watahamia ng'ambo ya barabara, nami nitarudi bondeni na suti yangu, na wewe na sauti yako. Tutakula nini, hotuba?" Akafungua mlango. "Saa ya kibao utasimama kwenye kipaza sauti, utasoma ile ahadi ya mazingira kama ulivyozoea. Mama yako amealikwa. Atakaa mbele, atampa Bi Mkaguzi mche, atasema majirani tunashukuru. Usimwaibishe dada yangu."

Akaondoka. Kasuku akabaki na mashuka, yote meupe, hakuna hata moja lenye ushauri.

Msichana mwingine angelia. Huyu alikwenda jikoni.

Tumtendee haki: hii haikuwa mara yake ya kwanza kugombana na wakubwa kwa njia ya majimaji. Bwalo la shule yake ya bweni bado linakumbuka asubuhi ya maziwa ya buluu, na mwalimu wa zamu aliyeyanywa kwa heshima akidhani ni vitamini. Kwa hiyo alipomwambia mpishi wa keki, "Nipe rangi ya zambarau, ile chupa kubwa," mpishi hakuuliza ni ya keki gani. Alimtazama tu, akasema, "Mimi leo sijakuona," akageukia oveni yake.

Mlango wa buluu, uliofungwa miaka yote, sasa ulikuwa umeachwa wazi ili wageni waupige picha mtambo. Dobi Mkuu alikuwa ameenda kula. Kasuku akainua kifuniko cha sabuni juu ya pipa la kwanza na kumimina chupa yote.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Maji ya dobi huteremka bondeni. Mfereji wake unapita chini ya ukuta wa bustani, mbele ya macho ya kila mwalikwa. Mashine ikimaliza itatema, na mfereji utageuka zambarau. Fomu haina swali la rangi, lakini macho yanalo. Na rangi ya keki haiui mche. Imeshaliwa na maharusi wengi na bado wanagombana kwa afya njema.

Bustanini viti vya harusi vilikuwa vimepata kazi. Vimepangwa kwenye nyasi, kuzunguka dimbwi dogo ambamo samaki wa zege hutema maji mchana kutwa. Kibao kiko juu ya meza, kimefunikwa kitambaa. Mama yuko mbele, kitenge safi, kopo la mche mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona vidole vya zambarau?"

"Keki."

"Ya nani?"

"Ya Mjomba."

Mama akamtazama binti yake kwa muda. Anamjua, ndiye aliyeitwa shuleni siku ya maziwa. "Haya," alisema. "Asipaliwe tu."

Meneja akafungua kwa salamu, akashukuru kila aliyekuwa na tai, kisha akamkaribisha msomaji wa ahadi. Kasuku akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," alianza, sauti ileile ya redio, "hoteli yetu inalipenda jani, inalilinda jani, inaishi kwa ajili ya jani."

Meneja akatikisa kichwa kwa furaha.

"Ndiyo maana tuna mapipa ya taka ya rangi tatu, ambayo jioni humwagwa kwenye shimo moja."

Kichwa kikasimama.

"Wageni wengi wameisifu mboji yetu kwamba hainuki. Ni kweli. Kila asubuhi inapigwa dawa ya sakafu, ile ya waridi. Funza wote walishahama, na sisi tunawaelewa. Na zile sola za paani, msiniulize umeme wake unaenda wapi. Waya wake hauendi popote. Tunaanikia foronya."

Kuna aliyecheka nyuma, akakatisha. Kuna mzee mgeni aliyenong'ona kwa mkewe, "Nilikuambia ile mboji inanukia bafu."

"Zima hicho kitu," Meneja alisema, meno yamebanana.

"Nakuja kwenye maji, Meneja, kisha nitazima mwenyewe. Mabibi na mabwana, mmenifuata mwaka mzima nikiwaonyesha uongo. Leo nawaomba hatua chache za kweli. Njooni ukutani."

Wageni wa hoteli ni watu watiifu. Ukiwaambia njooni, wanakuja na glasi zao. Wakajipanga ukutani, wakainama juu ya mfereji. Bi Mkaguzi pia. Kasuku akanyoosha kidole cha zambarau.

"Tazameni rangi."

Wakatazama.

Mfereji ulikuwa mkavu.

Si zambarau, si povu, si tone. Bomba lililotema mchana na usiku tangu hoteli ijengwe lilikuwa limefunga mdomo, na mbele yake chura mmoja amekaa, anashangaa kama wengine.

Mtu akacheka tena, na safari hii hakukatisha. Wengine wakamsaidia.

Meneja alikipokea kipaza sauti taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Wageni wapendwa, mmejionea. Mfereji mkavu. Ndiyo kazi ya mtambo wetu. Huyu ni mpwa wangu, nimemlea, jua limempiga. Na kwa huzuni nasema, kuanzia sasa hivi si mfanyakazi wa hoteli hii."

Kumbe majina yanaweza kukutana, ilimradi yamekutana kukufukuza.

Umati ukarudi kwenye viti. Kasuku akabaki ukutani na chura. Akamwona Dobi Mkuu anapita, ameshiba, anachokoa meno.

"Umeyapeleka wapi maji?" alimuuliza.

"Maji gani?"

"Ya mashine. Hayatoki huku."

Dobi Mkuu akajivuta, akavimba. "Wewe unadhani mimi ni mtu wa maigizo? Mtambo wenye mabomba yasiyotoa maji ni aibu kwa fundi. Fundi mwenzangu angeniona, ningejificha wapi? Meneja aliniambia nipake rangi tu. Mimi nikaunganisha. Bomba la bondeni nimeliziba, maji nimeyapeleka kwa samaki."

"Samaki yupi?"

Akamwonyesha kwa kidevu.

Mbele ya wageni wote, Meneja na Bi Mkaguzi walikuwa wamesimama kando ya dimbwi, wameshika kibao kila mtu upande wake, wanamtabasamia mpiga picha. Nyuma yao, samaki wa zege aliacha kutema. Akagugumia. Akakohoa.

Kisha akatapika.

Lilianza povu, zito, la kunukia sabuni, likamvika Meneja shingoni kama shada la maua. Halafu likafuata zambarau. Suti nyeupe ikaipokea yote. Wenye viti vya mbele wakaruka, wenye viti vya nyuma wakapanda juu ya viti, na dimbwi lote likageuka kama wino wa mtihani uliomwagika. Mama hakusogea. Alifunika tu mche wake kwa mkono.

Bi Mkaguzi akajifuta shavu. Akanusa kidole. Akatoa ile fomu yake mfukoni, akaiangalia, akairudisha.

"Meneja," alisema, "haya maji yametoka wapi?"

Meneja alikuwa na njia mbili, na zote zilipita kwenye mdomo wake. Akisema hajui, hoteli haijui maji yake. Akisema dobi, hakuna mtambo.

"Kwenye mtambo," alisema.

"Yamesafishwa?"

Akawatazama wageni. Akakitazama kibao, ambacho alikuwa bado amekishika, jani lote zambarau.

"Yamesafishwa."

"Vizuri. Upo nimeshaandika, na siwezi kufuta. Lakini sasa nina hamu ya kujua kama unafanya kazi." Bi Mkaguzi akachukua glasi kwenye sinia la mhudumu, akaimwaga kwenye nyasi, akaikinga kwenye mdomo wa samaki. Ikajaa hadi ukingoni, povu juu. Akamkabidhi. "Kunywa, mwanangu."

Meneja akashika glasi. Akageuka, akamtafuta mtu mmoja tu kati ya wote.

"Dada," alisema. Si sauti ya mapokezi. "Dada, waambie."

Mama akasimama. Akaliweka kopo juu ya meza ya kibao, mahali ambapo kila mtu angeliona: mche mmoja, majani yamejikunja, ncha zake kahawia.

"Niwaambie nini, mdogo wangu? Nilipewa maneno ya kushukuru, nimeyasahau." Hakuhitaji kipaza sauti. "Miche yangu imeyanywa maji haya tangu masika, na hakuna aliyeiuliza kama ina kiu. Ulipokuwa mdogo, nakubeba mgongoni, nilikukataza kunywa maji ya mtaroni. Ulikuwa unalia, nikakukataza vilevile. Leo sikukatazi. Umesema ni safi. Kunywa."

Kasuku alikuwa ameshafika. Akakiinua kipaza sauti kilichoangukia kwenye nyasi, akakipuliza povu.

"Mabibi na mabwana," alisema, "tafadhali msikimbie. Ziara ndiyo kwanza inaanza."

Meneja akamtazama mpwa wake. Akamtazama dada yake. Kisha mtu yule, ambaye tukubali kwamba hakuwahi kukosa ujasiri, ila aliuweka mahali pasipostahili, akanyanyua glasi.

"Meneja, usinywe."

Ilikuwa sauti ya Dobi Mkuu. Alikuwa anakuja mbio kati ya viti, ile fahari yote ya fundi imemtoka usoni.

"Usinywe, bosi. Taulo zilikuwa na madoa ya miaka. Humo sikutia sabuni peke yake."

Watu wote wakamgeukia Dobi Mkuu. Walipogeuka tena kwa Meneja, glasi ilikuwa imeshuka, imebaki nusu, na masharubu yake yalikuwa yameshalowa.